Kwa Mzee wa Kanisa Aliyechaguliwa Juzi

Hongera, na pole. Tangu Jumapili ile uliposimama mbele ya usharika ukaingizwa kazini, unaitwa mzee, hata kama una miaka thelathini na moja, hata kama ni mama mwenye mtoto mgongoni. Utapewa jumuiya ya kuilea, utapewa ufunguo wa ofisi, na kabla mwezi haujaisha utakuwa umeketi kwenye meza ya kuhesabu sadaka. Hapo ndipo ninapotaka kukukuta. Nilikuwa mtunza hazina kwa vipindi viwili katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na haya ninayokuandikia mengine niliyajua kwa kufundishwa, mengine kwa kuaibika.

Kazi yako kanisani inaitwa uwakili. Neno lenyewe limetuponyoka, maana siku hizi ukisema wakili mtu anamwona mwenye joho jeusi mahakamani. Afadhali ulisikie pamoja na ndugu yake, wakala. Mtazame dada aliyeajiriwa kwenye kibanda cha kuweka na kutoa fedha pale stendi. Droo imejaa noti, simu ina floti, na katika zote hizo yake ni mshahara tu. Jioni, kabla hajashusha dirisha, anajumlisha taslimu na floti aone kama zinarudi kwenye kiasi alichokabidhiwa asubuhi. Ikipungua elfu mbili, analipa yeye. Tajiri wa Luka 16 hakumwuliza wakili wake kama anampenda. Alimwambia alete hesabu.

Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sharika nyingi nilizoziona zina daftari la fedha, zuri au bovu, na Jumapili ni siku ya kulifungua. Lakini nguvu za watu hazina daftari. Kiwanja, maji na miti navyo havina. Kwa hiyo fedha ikipotea tunagombana, ila mama akichoka hata akaacha kuja, au chemchemi nyuma ya kanisa ikikauka, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Ninachokuomba ni kuvipa navyo siku ya kuhesabiwa.

Mezani

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndiyo itakayokukuta kwanza.

Hesabuni siku ileile, kabla ya mtu yeyote kwenda kunywa chai. Muwe watatu, msiwe wa nyumba moja, na zamu ibadilike kila mwezi. Soma 2 Wafalme 12 utaona jambo hili ni la kale. Makuhani wa Mfalme Yoashi walikuwa wakipokea fedha za kutengeneza hekalu, na hadi mwaka wa 23 wa kutawala kwake nyufa zilikuwa hazijazibwa. Habari hiyo haisemi waliiba. Inasema tu kwamba nyufa zilikuwepo. Likawekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, na likijaa walikuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu kulihesabu pamoja: mtu wa ikulu na mtu wa madhabahu, kila mmoja macho yake kwa mwenzake. Paulo naye, kwenye 2 Wakorintho 8, anapeleka mchango mkubwa akisindikizwa na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na wa kumlaumu. Ikiwa Paulo hakuona haya kuchungwa, wewe na mimi tunaona haya ya nini?

Kwanza tenga: bahasha za ahadi, za shukrani, za majengo, na ile sadaka ya kapu isiyo na bahasha. Usizichanganye hata kama mwisho zinaenda benki kwenye akaunti moja, kwa sababu aliyetoa kwa ajili ya bati la shule ya Jumapili hakutoa kwa ajili ya mafuta ya gari. Noti zikunjue zote. Utakuta elfu kumi iliyokunjwa mara nne ikawa kama kipande cha sambusa, na ndani yake mara nyingine pana elfu mbili nyingine. Sarafu zipange kumi kumi. Andika kwa wino. Ukikosea piga mstari mmoja, tarakimu ya kwanza ibaki inasomeka, andika sahihi juu yake na wote watatu mtie saini. Jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Jumatatu ikipelekwa benki, hati ya benki inabanwa kwenye ukurasa uleule. Zikitofautiana hata shilingi mia tano, lisemwe hapo hapo kwenye ukurasa, lisisubiri mkaguzi wa dayosisi.

Nikwambie langu. Mwaka wa kwanza benki ilikuwa mbali, nikawa nalala na fedha nyumbani hadi Jumatano. Wiki moja mtoto aliugua usiku, nikachukua elfu arobaini kwenye mfuko wa sadaka. Ijumaa nilirudisha yote, na hakuna aliyejua. Lakini Jumapili niliposimama kusoma mapato ya wiki iliyopita, tarakimu zilikuwa sahihi na sauti ilikataa kutoka. Tangu hapo sadaka haikulala kwangu. Tulinunua kasha la chuma lenye kufuli mbili, funguo mbili kwa watu wawili, tukaliwekea zege sakafuni mwa ofisi. Liligharimu kidogo kuliko nilivyodhani.

Lipa namba nayo isajiliwe kwa jina la usharika. Mtoaji akiandika namba, simu imwonyeshe jina la kanisa kabla hajabonyeza namba ya siri. Ikimwonyesha jina la mtu, hata kama mtu huyo ni mchungaji mwema kuliko wote wilayani, simamisha. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, uilinganishe na daftari. Na namba iliyobandikwa ukutani itazame kila Jumapili asubuhi, maana kubandika karatasi nyingine juu yake ni kazi ya sekunde tatu.

Bahasha za ahadi zina namba ili jina lisitajwe. Basi lisitajwe. Usikubali orodha ya wasiomaliza ahadi isomwe kwenye matangazo, hata kwa utani, na hasa kwa utani. Utamsikia mhubiri akimleta mjane wa Marko 12 na senti zake mbili ili kuwakamua wenye kidogo. Mwombe asome na mstari wa 40, unaotangulia habari ile, pale Yesu anapowasema waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mimi sijawahi kuisoma habari hiyo kama tangazo la michango.

Kuku aliyeuzwa mara tatu

Mnada ni mahali pazuri kuliko pote kanisani na ndipo hesabu zinapopotelea. Ibada imekwisha, watu wamezunguka chini ya mti, mezani pana mkungu wa ndizi, ndoo ya parachichi, lita mbili za maziwa, na jogoo aliyefungwa miguu anayekodoa macho. Dalali ni mzee mcheshi mwenye sauti. Jogoo anaanza elfu tano. Mwalimu anasema nane, mama wa duka kumi, kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam anasema ishirini, kisha anapunga mkono: arudishwe mnadani! Jogoo anauzwa tena elfu kumi na mbili, anarudishwa tena, anauzwa elfu kumi na tano, na wa mwisho anasema apelekwe kwa bibi anayekaa bondeni. Watu wanapiga vigelegele. Jogoo mmoja, elfu arobaini na saba.

Sasa fungua kopo. Ndani mna elfu thelathini na mbili. Yule wa kumi na tano ameondoka akisema ataleta Jumapili ijayo. Mtunza hazina mgeni ataandika arobaini na saba kwa furaha, na mwisho wa mwaka atakuwa na mapato ambayo benki haijawahi kuyaona. Chora safu mbili: kilichotamkwa na kilicholipwa. Kwenye mapato inaingia ya pili tu. Ya kwanza inakaa kwenye daftari la madeni ya mnada, linaloshikwa na mtu mmoja mpole, anayewapigia simu wenye deni mmoja mmoja, faraghani. Deni likifika Desemba halijalipwa, sisi tulilifuta. Kumbukumbu la Torati 15 inafuta madeni kila mwaka wa saba. Ya jogoo hayahitaji kungoja hivyo.

Jambo moja la dalali wetu siwezi kuliacha. Kulikuwa na bibi aliyeleta mayai matatu kwenye kitambaa kila mwezi. Dalali hakuwahi kuyaanzisha kwa bei ya mayai matatu. Aliyaanzisha kwa bei ya trei nzima, na akakaza macho kwa wenye magari hadi mtu aseme. Sijui kanuni ya fedha inayofundisha hivyo, lakini ukitafuta dalali, tafuta wa namna hiyo.

Kuhusu matumizi nitasema moja. Kumbukumbu la Torati 14 ina zaka ambayo kila mwaka wa tatu haibebwi kwenda mbali: inawekwa akiba malangoni pa mji, ale Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane. Ukisoma bajeti ya usharika wako, weka kidole kwenye fungu la diakonia kisha kwenye fungu la majengo. Majengo yana kamati, yana harambee, yana mgeni rasmi. Diakonia isipopewa mtu wa kuisemea kwenye baraza, itapata kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Isemee wewe.

Daftari la kuchoka

Nenda kwenye mlango wa ofisi ukanakili ratiba ya wiki. Kisha chagua jina moja, mtu unayemwona kila mahali, uandike mbele ya kila siku saa anazolitumikia kanisa. Mimi nilianza na mama mmoja wa kwaya. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mazoezi. Jumatano alfajiri jumuiya, kwake, na chai ni yake. Ijumaa umoja wa wanawake. Jumapili shule ya Jumapili katika ibada ya kwanza, kwaya katika ya pili, kisha kikao. Ikabaki Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya gulio, anauza ndizi. Nikamwuliza anapumzika lini. Akacheka, akasema akiugua.

Nilipeleka karatasi ile kwenye baraza la wazee bila jina. Wote walimjua. Kila mmoja alidhani ni mama wa mtaa wake.

Amri ya sabato tunaikariri kama amri ya kuja ibadani. Irudie kwenye Kutoka 23:12 uone walioandikwa: ng'ombe, punda, mwana wa mjakazi, mgeni. Ni orodha ya wasioweza kujipa likizo wenyewe. Kumbukumbu la Torati 5 inataja na sababu: mlikuwa watumwa Misri, mnajua kazi isiyo na siku ya kukoma. Na katika Marko 6 mitume wanarudi kutoka safari ya huduma iliyofanikiwa, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana, na Yesu anawaambia waje kando wapumzike. Hakuwaambia wamalizie kwanza.

Yanayowezekana ni haya. Mtu asishike huduma zaidi ya mbili, na akichaguliwa ya tatu aulizwe mbele ya kikao anaacha ipi. Kwaya ifunge wiki mbili baada ya Pasaka, na siku hizo usharika uimbe tenzi wenyewe (utashangaa ni wangapi wana sauti). Jumapili moja kila mwezi isiwe na kikao, semina wala mnada: baada ya baraka, mlango wa ofisi unafungwa na watu wanakwenda kula na watoto wao. Mara ya kwanza watu watasimama uani hawajui waende wapi. Wape miezi mitatu.

Siku ya mapumziko ya mchungaji na ya mwinjilisti itangazwe kwenye matangazo kama yanavyotangazwa mazoezi ya kwaya, pamoja na jina la mzee wa zamu wa siku hiyo. Huku kwetu kikwazo ni msiba. Kifo hakisubiri siku ya mapumziko ipite, na familia inataka joho nyumbani. Hivyo mzee wa zamu ajifunze kuongoza sala ya kwanza ya msibani, awe na namba za wenye gari, aijue familia. Mchungaji atakuja kwenye maziko. Usiku ule wa kwanza wanachohitaji ni mtu wa kuketi nao, na mtu huyo waweza kuwa wewe.

Sasa mlinzi, ambaye hatajwi kwenye mahubiri ya sabato. Wetu alilinda usiku saa kumi na mbili, siku saba, ndizo saa 84 kwa wiki, kwa kitu tulichokiita posho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Kanisa halikusamehewa humo. Nilipolisema kwenye baraza mzee mmoja alijibu kwamba yule analinda nyumba ya Mungu, malipo yake yako mbinguni. Mwenyekiti akamwuliza kama naye angependa ya kwake yahamishiwe huko. Tuliajiri mlinzi wa pili, wakagawana usiku, kila mmoja saa 42, kwa mkataba wa maandishi na michango ya NSSF. Fedha ilitoka kwenye fungu la vigae vya madhabahuni. Vigae vilingoja miaka miwili, na katika miaka hiyo sikumsikia mtu akisema ameshindwa kusali juu ya saruji.

Kiwanja

Kabla ya kupanda mti wowote, zunguka kiwanja mvua ikinyesha. Chukua mwavuli, tazama maji ya bati yanakokwenda. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kanisa lenye paa la mita 20 kwa 12, mvua ya milimita kumi inaliletea lita 2,400, na hata ukitoa sehemu ya tano kwa kumwagika, umejaza karibu tanki la lita 2,000 kwa mvua moja ya alasiri. Sharika nyingi zinayaacha maji hayo yachimbe korongo nyuma ya vestri, kisha Agosti zinanunua maji ya kufanyia usafi. Mifereji ya bati na tanki ni mradi unaorudisha fedha yake. Anza nao.

Pili, miti. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana hata nje ya nchi kwa kuwahimiza vijana wa kipaimara wapande miti Kilimanjaro, na ni desturi ya kuishika. Ila shika na nusu yake ya pili. Kwetu tulipanda miche mia mbili siku moja, picha zikapigwa, mgeni rasmi akaondoka na khanga aliyozawadiwa. Septemba, ukame umekolea, nilipita na daftari nikahesabu iliyo hai. Haikufika hamsini. Mbuzi walikula, jua likamaliza. Mwaka uliofuata tulipanda arobaini tu. Kila mche ulipewa kijana wa kipaimara kwa jina, uzio wa miiba, kisahani cha kushika maji na matandazo ya majani ya migomba, na mwalimu wa kipaimara akawa anaukagua kama anavyokagua amri kumi. Tangazia usharika idadi ya Septemba. Ya siku ya kupanda iache kwa wapiga picha.

Kwa vivuli na mbao chagua mringaringa, unaokaa vizuri na migomba na kahawa kama wazee wetu walivyouacha kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Mkaratusi unakua upesi na unakunywa maji upesi, hivyo usiusogeze karibu na chemchemi wala mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Kama kiwanja kinapakana na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pima kabla kamati ya majengo haijaleta ramani ya ukumbi. Na mtu akitaka kukata mti mkubwa wa zamani ili magari yaegeshwe, msomee Kumbukumbu la Torati 20:19, ambapo hata jeshi linalozingira mji linakatazwa kukata miti ya matunda.

Mifuko ya plastiki nchi iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, ila sisi tumeibadilisha kwa chupa. Kila semina katoni kumi za maji, na Jumatatu chupa zinachomwa nyuma ya jiko la kanisa, moshi unaingia darasa la chekechea. Nunueni vikombe mia na ndoo tatu zenye bomba. Kuosha vikombe si kazi ya umoja wa wanawake. Iwekeni zamu ya vijana wa kiume.

Miparachichi ya kanisani itakuletea kesi: watoto wanapopoa, mlinzi anawafukuza, kamati inataka kuuza yote mnadani. Walawi 19 inamwambia mwenye shamba asivune hadi pembeni. Kwetu tuliamua matawi yote ambayo mtoto anayafikia akiwa amesimama chini ni ya watoto. Ya juu ni ya mnada.

Ukitaka kuja kujionea, miche yetu ya mwaka huu ipo upande wa mashariki, inamwagiliwa jioni mara mbili kwa wiki hadi vuli ianze. Majina ya vijana yamebandikwa ofisini. Ufunguo wa bomba la tanki anao mlinzi, ila Jumatano usimpigie, ni siku yake. Mwulize mwenzake.